Jivii Kwenye Kidole cha Baba

Wiki iliyopita mwanangu alitoka vidonda mdomoni, nami nikaingia kwenye duka la dawa pale Westlands, saa ya chakula cha mchana, kitambulisho cha kazi bado kikining'inia shingoni, nikauliza kama wana jivii. Msichana wa dukani alinitazama kwa huruma. Aliniambia siku hizi watu wanatumia jeli, tena ina ladha ya stroberi. Nikamwomba anitafutie hiyo hiyo ya zamani. Alipanda kigoda, akapekua rafu ya juu kabisa, akashuka na kichupa cha rangi ya kahawia chenye vumbi kwenye kifuniko.

Nilikifungua pale pale kaunta. Wewe uliyelelewa kwenye ploti za Nairobi huna haja ya kuelezwa dawa hiyo. Ni ile ya zambarau, ikigusa ulimi unakuwa zambarau, ikigusa shati mama anakukimbiza. Harufu yake ya spiriti ilinipanda puani, na papo hapo nikamwona Baba amesimama kando ya bomba, mikono miwili juu, na ploti nzima ikimkodolea macho. Msichana aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa sana.

Kisa hiki sijawahi kukisimulia ofisini kwetu Upper Hill, ingawa nafasi nimepata nyingi. Kila msimu wa kura ukifika, hakosi kijana mmoja wa kusema kwamba yeye hapigi, na wenzake wote wanamrukia: mvivu, mwoga, usije ukalalamika barabara ikiharibika. Mimi hukoroga chai yangu tu. Najua wapo wavivu kweli. Wapo waliochoka kudanganywa. Na alikuwapo Baba yangu.

Tulikaa Kangemi, upande wa chini wa Waiyaki Way. Ng'ambo ya barabara ni Loresho, ambako Mama alifanya kazi ya nyumba na ambako, alituapia, kulikuwa na familia ya watu wanne yenye mabomba kumi na moja. Sisi bomba letu lilikuwa moja kwa familia kumi na saba. Ploti ilikuwa na safu mbili za vyumba vya mabati zilizotazamana, vinane huku na vinane kule, na ua wa saruji katikati. Safu ya kulia tuliiita Safu ya Bomba, kwa sababu bomba lilikuwa upande huo. Ya kushoto ilikuwa Safu ya Choo, na waliokaa huko hawakulipenda jina hilo hata kidogo. Sisi tulikaa katika chumba cha peke yake kando ya geti, kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa keateka, msimamizi wa ploti.

Mwenye ploti, Mama Njambi, alipangisha vyumba kwa kujuana. Mpangaji akihama, jirani yake anamleta binamu. Baada ya miaka mingi ya binamu, Safu ya Bomba ikawa imejaa watu wa pembe moja ya nchi, na Safu ya Choo watu wa pembe nyingine. Siku za kawaida hilo halikumsumbua mtu. Waliazimana chumvi, wakachapiana watoto, wakamteta Mama Njambi kwa sauti moja. Msimu wa kura tu ndio uliotugawa, nasi watoto tulikuwa na njia yetu ya kujua kwamba umefika. Kamba za kuanika nguo zilizovuka ua kutoka safu hadi safu zilifunguliwa moja moja, kimya kimya, na kila upande ukaanza kuanika kwake. Sare yangu ya shule ikakosa pa kukaukia.

Baba alitoka Machakos. Alikuja Nairobi akiwa fundi wa bomba, na aliitwa kwenye ploti ile mara ya kwanza kurekebisha koki. Alikuta vita. Keateka aliyekuwapo kabla yake alikuwa wa Safu ya Bomba, na kura ilipopita, watu wakisubiri matokeo kwa roho juu, yeye alifungulia watu wake maji kwanza. Ilipofika zamu ya wale wengine, tangi lilikuwa limekauka. Sijui kama alikusudia. Maneno yaliyotoka siku hiyo Baba hakuwahi kunirudilia, ila najua familia mbili zilihama kabla ya mwezi kwisha, na mama mmoja alivunjwa mkono waking'ang'ania mtungi.

Mama Njambi alimfukuza keateka yule, akampa Baba kazi. Baba aliwaita wapangaji wote pale kwenye bomba, akawaambia kwamba atakayeshika funguo hizi hatapiga kura muda wote atakaokuwa nazo, na kwamba kila kura ikipigwa, kabla ya kufungua maji, ataonyesha mikono isiyo na wino. Kisha akazifunga funguo mbili, ya geti na ya sanduku la chuma lililofunika bomba, kwenye waya mmoja, akazivaa shingoni. Mama alipenda kusema kwamba alizivaa kwa makini kuliko pete ya ndoa.

Mama mwenyewe alipiga kura yake kila mara, na hakumwambia mtu alimpigia nani. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa hakuwa na funguo.

Hayo yote niliyajua vipande vipande, jinsi mtoto anavyojua mambo ya wakubwa. Nilichokijua vizuri ni kwamba siku ya kura ilikuwa sikukuu yetu. Wazazi walitoka alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye shule ya msingi, Baba akabaki na watoto wote wa ploti. Alipika githeri kwenye sufuria kubwa ya kukodiwa, akalinda geti, akaamua ugomvi wa michezo ya bladda na kati, na akamfuta kamasi yeyote aliyehitaji kufutwa. Hata leo nikisikia mahindi na maharagwe yakichemka na kitunguu, mimi hufikiria kura.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka minane, na kura iliangukia siku ya maji. Maji yalikuja siku mbili tu kwa wiki. Yalijaza tangi mchana, na jioni Baba alifungua sanduku, safu hii mtungi mmoja, safu ile mtungi mmoja, hadi yaishe.

Adhuhuri wazazi walianza kurudi, na watoto wakaanza mchezo wa kukagua vidole. Kila mzazi alirudi na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikiwa na wino, nasi tukakimbilia kukiangalia, nani chake kimepakwa hadi kwenye fundo, nani amepakwa ukucha tu. Rafiki zangu wakubwa walikuwa Shiru wa Safu ya Bomba na Nafula wa Safu ya Choo. Wazazi wao walikuwa hawasalimiani wiki hiyo, lakini kwa hili wasichana hao wawili walikubaliana.

"Kwetu wote wamevote," Shiru alisema. "Hata cucu yetu mzee, na haoni vizuri."

"Hata kwetu," Nafula akasema. "Babako je?"

"Babangu anapika githeri."

"Si aende sasa, imeiva."

"Haendangi," Shiru akamjibu kwa niaba yangu. "Daddy anasema mtu hana upande ni kama mgeni tu. Labda hata hana ID."

Nilisema ana ID. Nilisema nimeiona, iko kwenye mkebe wa biskuti. Lakini niliwaacha, nikaenda kukaa nyuma ya tangi nikalia kwa hasira. Mgeni! Baba yangu, aliyejua kila bomba la ploti ile linapita wapi chini ya saruji! Nilimwonea aibu, na nikajionea aibu kwa kumwonea aibu, na mtoto wa miaka minane hana pa kuweka vitu viwili kama hivyo kwa pamoja.

Mchana Baba alichoka, akajinyoosha kwenye kochi chumbani kwetu, mkono wa kushoto ukaning'inia chini. Chumba hakikuwa na dirisha. Nilichukua jivii kutoka kwenye mkebe wa biskuti, nikazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti kama Mama alivyonifanyia mimi mara nyingi, nikapiga magoti. Nilimpaka ukucha vizuri, nikaupitia ukingo wake, nikateremka hadi kwenye fundo. Alikoroma tu. Nilipomaliza nilikipuliza kikauke, na nikaona ni kidole kizuri kuliko vyote vya ploti ile.

Saa kumi na moja mitungi ilianza kugongana nje. Baba aliamka, akavaa koti lake la kazi humo gizani, akapapasa funguo shingoni, akatoka. Nilimfuata nikitabasamu. Safu mbili zilikuwa zimejipanga kila moja upande wake, na mimi nikajipenyeza hadi mbele, karibu na Shiru, ili niuone uso wake vizuri.

Baba alifika kwenye bomba, akawageukia, akainua mikono miwili, vidole vimetanuka.

"Babake Mwende amevote!" Shiru alipiga kelele.

Furaha yangu haikufika hata muda wa kupumua mara mbili. Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Baba Shiru, fundi wa makochi mwenye kifua kipana, alisogea mbele.

"Baba Mwende, kwani ulienda saa ngapi?"

"Kwenda wapi?"

"Usituchezee. Angalia kidole."

Baba alishusha mkono, akautazama. Kutoka upande wa pili Mama Nafula alisema, "Miaka yote unatuinulia mikono. Kumbe ni sinema?"

"Sijaenda," Baba alisema.

"Na hiyo ni nini? Masizi?"

Aliinua kidole hadi puani, akakinusa. Kisha macho yake yakanitafuta katikati ya watu, yakanipata. Sikuona hasira ndani yake. Alinitazama tu. Angesema neno moja, Mwende, na mambo yangeisha pale pale. Hakulisema.

"Lete funguo," Baba Shiru alisema. "Kesho tumpigie Mama Njambi atafute mtu mwingine."

"Apewe nani?" mtu akauliza kutoka Safu ya Choo. "Wewe? Tushakunywa hiyo maji yenu tukamaliza!"

Hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Watu wazima niliowaita anti na anko, walionichana nywele na kunipa mandazi, walishika mitungi yao kwa namna nyingine, kwa mkono wa juu, kama vitu vya kurushwa. Mama mmoja wa Safu ya Choo aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akarudi nyuma. Ndiye yule aliyewahi kuvunjwa. Nilikuwa nikimwona kila siku akifua kwa mkono mmoja na sikuwahi kujiuliza.

Baba alivua waya shingoni. Aliziweka funguo chini, kwenye saruji, katikati kabisa ya safu mbili.

"Ziko hapa," alisema. "Mimi nimesema sijaenda."

Wanaume wawili walipiga hatua, mmoja kutoka kila upande.  Nilikimbia chumbani, nikarudi na kichupa, nikasimama juu ya funguo zile kwa miguu yangu mitupu.

"Ni mimi! Nilimpaka akiwa amelala!"

"Huyo amefunzwa," Baba Shiru alisema.

Lakini Mama Nafula alikuwa ameshakichukua kichupa mkononi mwangu. Alikifungua, akanusa, akaushika mkono wa Baba na kuweka kidole chake mwenyewe kando yake. Akavilinganisha. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima, akaita ng'ambo ya ua.

"Mama Shiru! Kuja uone hii."

Mama Shiru alisita, akamtazama mumewe, akaja. Akaweka kidole chake pale. Vya akina mama wino ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi, kama ukucha uliobanwa na mlango. Cha Baba kilikuwa zambarau ya kung'aa.

"Si hii ndiyo ulinipatia nikampaka Shiru mdomo?" Mama Shiru alimuuliza Mama Nafula.

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Woiye! Jivii!" Akaanza kucheka, akashika magoti. "Baba Mwende ako na vidonda vya kidole!"

Kicheko kilipita kwa akina mama kwanza, safu zote mbili, kwa sababu hakukuwa na mama pale ambaye hakuwahi kufua rangi ile kwenye foronya. Wanaume walifuata shingo upande. Baba Shiru alikuwa wa mwisho. Aliniinua kutoka juu ya funguo kama mtungi mtupu, akaziokota, akampa Baba kwa mikono miwili.

"Fungua maji, Baba Mwende," alisema.

Baba alifungua. Safu hii mtungi mmoja, safu ile mtungi mmoja. Nikahesabu mitungi hadi tone la mwisho.

Nilingoja kuchapwa na sikuchapwa. Baada ya chakula alinikalisha kwenye kochi lile lile, nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Alisema mtu akisutwa kisha akamsukuma mtoto wake mbele, hata akiwa anasema kweli, hafai kushika funguo za watu. Ilibidi nije mwenyewe au nisije. Nikamuuliza ingekuwaje kama nisingekuja. Akanishika kidevu, akasema, "Basi ningerudi kwa mabomba, mama. Kazi ya mabomba haiishi."

Mama alileta spiriti na kitambaa amfute kidole. Baba akarudisha mkono nyuma. Alisema wacha, itatoka yenyewe.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Shule zilifungwa, maduka yakafungua mlango nusu, redio zikanong'ona katika kila chumba habari za kutia hofu. Kwetu siku ya maji ilipofika watu walijipanga, na maji yalitosha. Kamba za nguo zilirudi kuvuka ua wiki mbili baadaye. Lakini nilichokiona zaidi ni Baba. Mchana aliuficha mkono ule mfukoni. Jioni, akidhani hatumtazami, aliutoa, akakiangalia kidole chake kwa muda mrefu chini ya balbu. Nilidhani bado amenikasirikia. Kila alipokitazama, mimi niliinamia madaftari.

Nilipofika umri wa kupiga kura nilikuwa chuoni na mdomo umenikua. Nilimwambia kwamba anawaachia wengine nchi, kwamba bomba moja la Kangemi si kitu mbele ya Kenya nzima. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula. Sasa nina miaka ya kutosha kujua kwamba sote wawili tulikuwa na haki. Mimi nitapiga kura hadi wanibebe. Lakini nimekutana na waheshimiwa wengi kwenye kazi yangu, na sijaona hata mmoja aliyewahi kujinyima kitu chake ili watu wasioelewana wanywe maji ya tangi moja. Mimi ni mtoto wa keateka wa Kangemi, na hilo nalisema kifua mbele.

Baba alirudisha funguo akiwa na miaka sabini. Ploti ilikuwa imeuzwa, na mmiliki mpya alitaka kujenga ghorofa, kila nyumba na bomba lake. Kura iliyofuata alinipigia simu saa kumi na moja asubuhi. Alikuwa ameshavaa. Nilimkuta na suti aliyoivaa kwenye harusi yangu, viatu vimepigwa rangi, kitambulisho mkononi. Ndipo nilipogundua kwamba kila walipopita kuandikisha wapiga kura alikuwa akijiandikisha, miaka yote hiyo, na hakuwahi kukosa kwenye daftari hata mara moja.

Foleni ilichukua saa nne nzima. Alikataa kiti cha wazee. Aliposimama nyuma ya kile kisanduku cha kadibodi cha kupigia kura alikaa muda mrefu hadi karani akakohoa. Alitoka, akakiweka kidole chake kwenye wino kwa utaratibu, na tukaenda kukaa kwenye benchi nje ya darasa. Akakiinua kwenye jua. Akakitazama vile vile, kwa macho yale yale ya chini ya balbu.

"Baba," nikasema, ili niseme kitu, "ulimpigia nani?"

"Funguo nilirudisha, Mwende. Kufuli ya mdomo bado ni yangu." Akacheka peke yake. Alikigeuza kidole upande huu na upande ule.

"Ile jivii yako ilikaa siku tisa," akasema. "Nilikuwa naomba ifike kumi."